Uzinduzi wa Katuni Zenye Nidhamu, Buswelu

(Hotuba ya Ndugu Revocatus Shigela, Mratibu wa Kamati ya Kanda ya Katuni, Maadili na Burudani za Wanafunzi, aliyoitoa katika uwanja wa Shule ya Sekondari Mawe Mawili. Maneno ya wasikilizaji yameandikwa kama yalivyosikika.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bi Najat, mwakilishi wa wafadhili, ambaye hajafika lakini nimepigiwa simu kwamba amekwisha kuvuka daraja la Busisi na kwa hiyo naanza kumheshimu kuanzia sasa. Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Ndugu Mwenyekiti aliyetangulia, ambaye bado hajakabidhi ofisi. Waheshimiwa viongozi wa dini zote, ambao tumewaketisha kwenye madawati ya Kidato cha Kwanza kwa sababu ya unyenyekevu wao. Ndugu Josephat, Mkuu wa Shule. Walimu wa masomo, mwalimu wa zamu, na yule mwalimu anayesinzia. Wazee maarufu na wazee wa kawaida. Akina mama lishe mliotuandalia chakula tutakachokula mimi nikimaliza. Wazazi, walezi, na ninyi wanafunzi mliosimama juani tangu saa tatu kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa, na kama yupo niliyemsahau, basi ajue kwamba ofisi yangu inamtambua na itamjibu kwa maandishi. (Makofi machache.)

Wazee, shikamooni. (Marahaba.) Vijana? (Shikamoo.) Marahaba, nimeitika kwa niaba ya kamati nzima.

Tuchangamke kidogo. Nikisema katuni, ninyi mnasema nidhamu. Katuni. (Nidhamu.) Katuni. (Nidhamu. Sauti moja kutoka safu ya nyuma: “Maji.”) Huyo aliyesema maji atafutwe, lakini kwa utaratibu, asije akakatisha hotuba.

Ndugu wananchi, kabla sijaingia kwenye kiini cha mradi, nieleze kwa nini binti huyu amesimama hapa mbele peke yake. Anaitwa Odeta, wa Kidato cha Tatu B. Wiki tatu zilizopita alisimamishwa masomo, na leo, mwishoni mwa hotuba yangu, nitatamka kama anarudi darasani au anafutwa shule moja kwa moja. Barua ya kumfuta imekwisha kuchapwa na imo mfukoni mwangu, inasubiri sahihi tu. Kosa lake ni hili nililolishika mkononi: daftari la kawaida la kurasa tisini na sita ambalo badala ya kuandika maelezo ya Jiografia amelijaza katuni za kuchekesha, alizochora kwa kalamu ya wino wa buluu, juu ya mikosi ya kila siku ya wanafunzi wa shule ya sekondari. Mikosi, ndugu zangu. Serikali imejenga madarasa, yeye anachora mikosi. (Minong’ono. Mama mmoja katika safu ya tatu: “Baba, kama ni kutamka, tamka mapema. Dagaa nimemwachia mtu, na huyo mtu simwamini.”) Nimearifiwa kwamba huyo ni Bi Evelina, mama mzazi wa mtuhumiwa. Mama, tulia. Maamuzi ya haraka huleta maamuzi mabaya, na ndiyo maana kamati yangu, katika miaka miwili, haijafanya uamuzi mbaya hata mmoja. (Makofi ya wajumbe wa kamati.)

Sasa niseme juu ya mradi. Unaitwa Mradi Mkakati Shirikishi wa Katuni Zenye Nidhamu kwa Vijana wa Ukanda wa Ziwa, Awamu ya Kwanza, na nataka mfahamu kwamba jina hilo peke yake lilituchukua miezi minne. Tulifanya upembuzi yakinifu. Tulikaa na stekiholda wote katika semina tatu kule Misungwi, siku tano kila semina, tukapokea fidibeki, tukaichakata, tukairudisha kwa walioitoa ili waithibitishe. Utafiti wetu umebaini kwamba asilimia sabini na nane nukta tatu ya mikosi ya wanafunzi hutokea shuleni, na kwamba siku za Jumapili mikosi hiyo hushuka karibu na sifuri. Wataalamu wakajiuliza: Jumapili mwanafunzi anakosa nini ambacho siku nyingine anacho? Jibu likawa wazi kwamba Jumapili hana wa kumwazima daftari la katuni. (Mwalimu anayesinzia anaamka, anapiga makofi, analala.)

Kwa hiyo, mradi utasambaza nakala elfu kumi na mbili za katuni ambazo ndani yake hakuna mkosi wowote. Katika kitabu cha kwanza, kijana anaamka, anaoga, anakwenda shule, anafaulu. Katika kitabu cha pili, dada yake anaamka. (Kicheko.) Msicheke, kitabu cha pili kilileta mjadala mkubwa sana kwenye semina, maana wapo waliotaka aanze kuoga. Matunda ya kazi hiyo ni boksi lile kubwa mnaloliona mezani, lililofunikwa kitenge na kufungwa utepe mwekundu. Mgeni Rasmi akifika, tutalizindua. Kwa sasa naomba liangaliwe kwa mbali.

Wakati tunamsubiri, nitawasomea kidogo daftari la binti huyu, si kwa kuburudika, bali ili wazazi mjionee ukubwa wa tatizo. Nimelisoma lote. Nimelisoma mara tatu, kwa uchungu.

Ukurasa wa nne. Kijana mmoja aliyechorwa mwenye masikio makubwa, anaitwa Ngosha, anamwandikia msichana barua ya mapenzi. Kwa kuogopa kukamatwa, anaificha ndani ya daftari lake la Hisabati. Asubuhi ile ile mwalimu anakusanya madaftari. Mnaona mtoto anatetemeka, jasho limechorwa matone saba. Kesho yake daftari linarudi, na barua imesahihishwa kwa wino mwekundu. Amepata nne kwa kumi. Chini mwalimu ameandika: “Umefikia jibu la kumpenda bila kuonesha njia. Rudia.” (Kicheko kikubwa. Wanafunzi wanapigana mabega.) Tulieni. Nauliza, je, hayo ni maadili? Ngosha anarudia kweli. Anaandika kurasa mbili, anaonesha njia, na safari hii anapata tisa. Moja amekatwa kwa kukosa tarehe. (Kicheko. Mkuu wa Shule anajifuta macho kwa kitambaa.) Mwalimu Josephat, nashukuru kwa kulia pamoja nami.

Ukurasa wa tisa. Kijana anakwenda kunyolewa jioni ya kuamkia ukaguzi. Kinyozi amefika katikati ya kichwa, umeme unakatika. Anakuja shule upande mmoja safi, upande mmoja msitu. Mwalimu wa zamu anamtazama kushoto, anasema nenda darasani. Anamtazama kulia, anasema piga magoti. Mwisho wanakubaliana apewe nusu ya adhabu, na anafagia nusu ya uwanja, akiishia kwenye mstari ulionyooka kama ule wa kichwani. (Kicheko. Mzee mmoja: “Huyo ni Luhende wa Kidato cha Pili, nilikuwepo kwa kinyozi.”) Mzee wangu, usimtaje mtoto kwa jina, faragha ya wanufaika ni sera.

Ukurasa wa kumi na saba sitausoma. (Wanafunzi: “Usome.”) Hauna maana yoyote. (“Usome, mheshimiwa.”) Haya, ili isionekane kwamba tunaficha kitu, maana uwazi ni nguzo ya tatu ya mradi. Amechorwa bwana mmoja mnene, suti mikono imemfunika vidole, tai ya mistari shingoni, kalamu tatu mfukoni, mkasi mkononi. Kazi yake ni kuzindua. Anazindua mlango, watu wanapiga makofi. Anazindua mwavuli. Anazindua choo wakati mtu yumo ndani. Halafu anazindua bomba la maji la shule. Anakata utepe, anafungua koki, bomba linakohoa, anatoka buibui, buibui anamtazama, naye bwana anampa mkono. Hotuba inaendelea. (Uwanja mzima unacheka. Watu wanageuka kutazama bomba lililo kando ya ofisi, ambalo bado lina kipande cha utepe.)

Mtu huyu hafahamiki. Mimi nimemtazama sana na sikumtambua. (Sauti: “Tai ndiyo hiyo hiyo.”) Tai za namna hii zinauzwa nyingi mjini. (Sauti: “Na kalamu tatu?”) Nazitoa sasa hivi, muone kwamba mtu anaweza kuwa na kalamu tatu leo na kesho asiwe nazo. Tena bomba lile lina maji, ni kwamba maji yenyewe yapo kwenye paiplaini.

(Gari jeupe linaingia langoni. Anashuka mama wa makamo, ameshika faili, anatabasamu.)

Tusimame wote, wale mliokuwa mmekaa. Mheshimiwa Bi Najat, mwakilishi wa wafadhili wetu, karibu sana Buswelu, karibu mbele, tumekuwa tukikuheshimu tangu asubuhi. (Bi Najat: “Ahsante, Ndugu Mratibu. Nimewasikia mkicheka tangu kule barabarani, nikamwambia dereva aongeze mwendo. Ndicho kitabu cha mradi hicho mnachosoma?”)

Ndicho. (Mkuu wa Shule anakohoa. Odeta anainua kichwa kwa mara ya kwanza.)

Yaani, Mheshimiwa, ni sampuli. Ni sampuli halisi, imechorwa kwa mkono ili kudumisha ufundi wa asili. (Bi Najat: “Na lile boksi?”) Lile ni toleo la pili. Tusilifungue sasa, wino haujakauka. (Mama lishe mmoja anasogea na mwiko mkononi: “Samahani, mheshimiwa, tunaomba sahani zetu. Wali umeiva na watu hawana pa kulia.” Anaondoa kitenge, anakata utepe kwa meno, anabeba boksi. Sahani zinalia ndani.) Kama mlivyojionea, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, toleo la pili limechukuliwa na jamii yenyewe, na huo ndio ushirikishwaji.

(Bi Najat: “Sawa. Kwenye taarifa uliyotutumia uliandika kwamba kitabu kimesomwa na watu mia tatu na kumi na wawili katika shule hii. Hiyo idadi uliipataje?”)

Swali zuri sana, na nilikuwa nalisubiri, kwa sababu indiketa ndiyo roho ya mradi. Takwimu zimo humu humu. Wanafunzi wa hapa wana utaratibu wao: anayetaka kusoma daftari la katuni huandika jina lake kwenye kurasa za nyuma, husubiri zamu yake, na akimaliza huweka alama ya vema mbele ya jina. Hakuna kununua wala kuruka foleni, na anayeruka foleni huchorwa kwenye kurasa zinazofuata. Mheshimiwa, ni mfumo bora wa ufuatiliaji na tathmini kuliko wa ofisi yangu, na ndiyo maana niliunakili wote. (Bi Najat: “Hebu tusomee.”) Majina mia tatu? (“Machache tu.”)

Namba moja, Luhende, Kidato cha Pili, vema. Namba mbili, Rebeka, vema. Namba kumi na sita, Bilali, vema, ameongeza kuandika kwamba alicheka hadi akatolewa nje. Namba arobaini na moja, Josephat. (Wanafunzi wanamgeukia Mkuu wa Shule. Mkuu wa Shule: “Nilikuwa nachunguza kosa.”) Namba themanini na tatu, Josephat tena. (Kicheko.) Namba mia tatu na kumi na moja, Bi Sihaba, karani wa ofisi yangu mwenyewe. Sihaba, na wewe? Namba mia tatu na kumi na mbili. Mia tatu na kumi na mbili ni R. Shigela. Hati hii si yangu. (Bi Sihaba, kutoka upande wa wageni: “Nilikuandikia mimi, bosi. Ulilichukua daftari ofisini ukakaa nalo bila kujiandikisha, nikaona utachorwa.”) Ulichelewa, Sihaba, nimekwisha kuchorwa ukurasa wa kumi na saba.

(Kicheko kirefu. Bwana Mratibu anakunywa maji ya chupa. Anakunywa tena.)

Hilo niliongea kwa mfano. Tuendelee.

(Bi Najat: “Nataka kumwona mchoraji.”) Yupo, Mheshimiwa. Ni huyu aliyesimama hapa. (“Mbona amesimama peke yake, na wenzake wako kwenye mistari?”) Tumemtenga kwa heshima. (“Unaitwa nani, mwanangu?” Odeta: “Shikamoo. Naitwa Odeta.” “Marahaba. Uko kidato gani?” “Nilikuwa Kidato cha Tatu B.” “Ulikuwa?”) Mheshimiwa, binti amechoka na jua. Yupo kwenye likizo ya ubunifu ya wiki tatu, ambayo mradi ulimpa ili apate nafasi ya kuchora. (Bi Najat: “Ni kweli, Odeta?” Odeta: “Sijachora. Kalamu zilichukuliwa pamoja na daftari. Nilikuwa nauza dagaa na mama, na jioni Rebeka ananiletea madaftari ninakili masomo. Ila Fizikia Rebeka mwenyewe haelewi, kwa hiyo tumebaki nyuma wote wawili.” Sauti ya Rebeka: “Bora nisingetajwa hapa.”)

(Bi Najat: “Na likizo hiyo inaisha lini, Ndugu Mratibu?”)

Inaisha, ndiyo, kila likizo ina mwisho wake. Suala la tarehe lilikuwa liwasilishwe kwenye kikao cha kamati ndogo, kisha kamati kubwa, halafu lirudi kwa… (Bi Najat anafungua faili, anatoa kalamu, anasubiri.) Inaisha leo. Natamka rasmi, mbele ya hadhara hii, kwamba Odeta anarudi darasani, na kamati inampongeza kwa kumaliza likizo yake salama. (Makofi makubwa, vigelegele.)

(Bi Evelina anasimama: “Ahsante, baba. Sasa iandikwe.”) Mama, nimekwisha kutamka. (“Na bomba ulitamka.” Kicheko. “Sikuvunjii heshima, mzee wangu. Lakini mimi nikishafika nyumbani, na wewe ukishapanda gari, mwalimu wa zamu ataniomba karatasi langoni. Mtoto ana mtihani wa muhula wiki ijayo. Naomba karatasi.”)

Haya, mama ana hoja, na kumsikiliza mwananchi ni nguzo ya kwanza. Ninayo karatasi hapa mfukoni, nitaandika nyuma yake. (Bi Evelina: “Si hiyo. Hiyo mbele yake imeandikwa kwamba anafutwa. Mtu akiigeuza?”) Basi sina nyingine zaidi ya hii hotuba. (“Hotuba ina kurasa nyingi.”) Kila ukurasa una umuhimu wake. (Bi Najat: “Ukurasa wa mwisho una nini?”) Shukrani tu, Mheshimiwa. (“Andika nyuma ya shukrani.”)

Ninaandika. “Mkuu wa Shule, mwanafunzi Odeta wa Kidato cha Tatu B arudi masomoni leo hii.” (Odeta: “Na daftari langu.”) “Akiwa na daftari lake.” (“Na lisichukuliwe tena.”) Hilo ni suala la kisera, binti. (Bi Najat: “Ni sampuli pekee ya mradi, Ndugu Mratibu. Mtaonesha nini mwakani?”) “Lisichukuliwe tena.” Nimetia sahihi. Mwalimu Josephat, tia muhuri. Muhuri uko wapi? Ahsante. Mama, pokea. (Bi Evelina anaisoma yote kwa sauti ya chini, anaikunja mara nne, anaitia kwenye pindo la kanga, kisha anaitoa tena na kumpa Odeta. “Shika wewe. Mimi nitaisahau kwenye dagaa.”)

Ndugu wananchi, imebaki shukrani, na kwa kuwa ukurasa wake umekwenda, nitashukuru kwa kukumbuka. Naomba uvumilivu, sijazoea.

Nawashukuru wachoraji kumi na wanane wa mradi huu, ambao hawakuweza kufika kwa sababu hawajateuliwa. Namshukuru mchapishaji, popote atakapopatikana. Nawashukuru stekiholda wa Misungwi kwa kitabu cha kwanza, ambacho kilifikia hatua ya kijana kuamka, na muda wa semina ukaisha. Hapana, hiyo isiandikwe. Nawashukuru akina mama lishe kwa kutuazima boksi. Namshukuru Bi Sihaba kwa kunakili majina mia tatu na kumi na mawili kutoka kwenye daftari na kuyaita wanufaika, maana nilimwomba wanufaika siku ya Alhamisi na taarifa ilitakiwa Ijumaa. Nawashukuru wanafunzi wa shule hii waliofanya mradi huu kwa mwaka mzima kabla mimi sijaupa jina. (Bi Najat anaandika. Hainui macho.) Mheshimiwa, hayo yote unayoyaandika yalikuwa yamewekwa vizuri zaidi kwenye ule ukurasa.

Na tumalizie kwa hamasa ile ile. Katuni. (Kimya.) Katuni. (Mwalimu anayesinzia: “Nidhamu.”) Ahsante, mwalimu. Mgeni Rasmi oye. (Oye.) Buswelu oye. (Oye.) Chakula. (Oye kubwa. Mistari inavunjika.)

Msiondoke, bado picha. Mpigapicha aje hapa mbele, Mgeni Rasmi akae katikati, mimi kulia kwake, na mradi tuuweke mbele yetu mezani uonekane vizuri. Meza mbona tupu? Sihaba, mradi uko wapi? (Bi Sihaba anaonesha kwa kidole upande wa madarasa, ambako Odeta anatembea na daftari lake.) Mwite. (“Ameshaonesha karatasi, bosi. Kipindi ni Fizikia.”) Basi, mpigapicha, geuza kamera, piga kule. Ndiyo, pale mlangoni pa Kidato cha Tatu B. Wahi, mradi unaingia darasani.